Wino Mwekundu wa Mwalimu

Mwalimu wa kuandika kwa brashi huilainisha ncha yenye wino mweusi kwa ulimi, ndiyo maana akicheka utadhani amekula makaa. Wino mwekundu haumtoki mkononi. Hata bei za tambi ukutani mkahawani alizisahihisha. Siku ya kuzipokea roho za marehemu zinaporudi nyumbani, Mzee Tokunaga, ambaye hakusoma, alitaka kuandika mwenyewe jina la marehemu mkewe, Fusae, kwenye taa ya karatasi ya kumwonyesha njia kabla ya jioni. Alipolijaribu kwanza karatasini kwa herufi nyembamba, wenzake darasani walimsifu kwa huruma. Mwalimu akalipiga jina hilo mstari mwekundu.

“Rudia, mzee wangu! Mkeo alikuwa mwembamba hivi?”

“Wala! Alijaa mlango mzima.” Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

“Basi mpe nafasi yake,” Mwalimu akasema, akimsogezea karatasi kubwa zaidi.