Harusi Inayongoja Kichaka

Ijumaa nilifundisha bayoanuwai, Jumamosi nikaifyeka. Kama kuna mwalimu mwingine wa sayansi katika kaunti nzima aliyewahi kujipinga haraka namna hiyo, naomba anitafute tufarijiane.

Darasa langu la tisa lilichangamka sana siku ile. Niliwaambia uhai una ngazi tatu. Ya kwanza ni jeni, na hapo nikawaelekeza dirishani, kwenye chai: maelfu ya mashina, yote yamekatwa vijiti kutoka kwa mama mmoja, mapacha mpaka kule mlimani, na ugonjwa ukishamjua mmoja umewajua wote. Ya pili ni spishi, yaani chura si kinyonga hata wakikaa jani moja. Ya tatu ni makazi yenyewe na kila kinachoishi humo kikitegemeana: kinamasi, msitu, kijito. Kisha tukaimba vitisho vyake kwa makofi. Kuharibu makazi, viumbe vamizi, uchafuzi, kuvuna kupita kiasi, mabadiliko ya tabianchi. Waliimba mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja mwenyewe kutufungia dirisha.

Lakini akili yangu haikuwa darasani. Nilikuwa na mchumba, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai, kijana wa watu wa ziwani ambao wamefanya kazi huku miaka mingi. Baada ya wiki tatu watu wake wangekuja nyumbani kwetu, nje kidogo ya Kapkatet, kwa koito, siku ya kuniposa rasmi. Nilikuwa nikitembea huku nacheka peke yangu njiani kama mtu aliyeokota kitu.

Sasa, huku kwetu shamba safi ni lile lililonyooshwa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Chai ikikatwa sawasawa, roho zetu hutulia. Kwa hiyo kile kichaka cha kando ya kijito, chini ya boma letu, kilinitia aibu. Niliwaza wageni wakikitazama na kusema msichana huyu ni wa porini. Mama alikuwa Chepilat kwa dada yake. Mchumba wangu akaja na panga mbili, tukashuka.

Tulifyeka tukicheka. Vyura walituruka miguuni, ndege wakatutukana kwa lugha zote. Adhuhuri ungeweza kusimama jikoni na kuona maji. Tukakusanya matawi yote rundo moja, tukachoma, tukapiga picha mbele ya moshi.

Mama alirudi Jumatatu. Aliweka mfuko chini, akasimama mlangoni pa jikoni, akatazama kijitoni.

"Nani amenyoa hapo chini?"

"Ni sisi, Mama. Tumesafishia wageni."

"Na senetwet yangu iko wapi?"

Senetwet ni mmea wa maua ya njano. Kijiti chake huchomwa, kisha makaa yake husuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya maziwa kumiminwa na kulazwa siku nyingi mpaka yawe mursik. Bila makaa hayo una maziwa yaliyoganda tu. Na nyumbani kwetu, koito bila mursik ya mkono wa Mama haijawahi kutokea.

"Mimi sitaposesha msichana na soda," alisema, akaingia ndani.

Nilizunguka kijiji kizima. Kila nyumba ilikuwa na chai mpaka ukingo wa maji, na palipobaki pamepandwa mikaratusi. Kila mama niliyembishia alinipa jibu lilelile: "Lakini sisi wote tunavunjanga kwa mama yako." Nilikuwa nimefyeka senetwet ya ukoo mzima bila kujua. Mchumba wangu naye akapanda bodaboda mpaka Chepseon, akarudi na mzigo wa vijiti vyenye maua ya njano, jasho likimtiririka. Mama alinusa kimoja.

"Hii si yenyewe. Hii ni ya kupamba geti."

Spishi, nikajiambia. Ngazi ya pili.

Nikaona nijisaidie. Kwa siri nikachoma kijiti cha mkaratusi, nikasugua kibuyu kidogo, nikamimina maziwa. Wiki moja baadaye nikampa Baba aonje. Alimeza, akatazama dari.

"Pua yangu imefunguka," alisema.

Mama alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta macho kwa leso. Nilidhani nimesamehewa.

Siku ya koito wageni wakaja na shangwe zao. Chai ikaandaliwa, nyama ikaliwa, wazee wakaelewana vizuri. Kisha Mama akasimama.

"Msichana ni wenu, sikatai. Lakini hii nyumba haina mursik, na wenye kuimaliza ni hawa wawili. Harusi itangoja senetwet irudi. Ikinifika bega, mkuje."

Shangazi wa mchumba wangu akampima Mama kwa macho kutoka chini hadi juu. "Basi si mbali," alisema, na nyumba nzima ikaangua kicheko, kwa sababu Mama ni mfupi kweli.

Visiki vilikuwa hai, Mungu ni mwema. Vilichipua, nasi tukaanza kazi. Kila Jumapili baada ya kanisa tulishuka na tepu ya kupimia. Baba mkwe alipiga simu kuuliza "imefika wapi" kwa sauti ya mtu anayeulizia mimba. Nilileta darasa langu la tisa lijifunze, tukauacha ukingo ujiotee. Nyuki walirudi kwanza, kisha vyura, kisha kandege kadogo kekundu ambako hakuna aliyekajua jina. Niliombea senetwet kanisani, kwa majina yake yote mawili, la kisayansi na la nyumbani. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Senetwet ilifika kiuno cha Mama, ikagoma. Mwezi mmoja, miwili, mitatu, tepu inasoma palepale. Nilishuku mvua ya mawe, nikashuku viwavi, nikashuku dawa za kunyunyizia za jirani. Niliandika orodha yote ubaoni na darasa likapiga kura. Viwavi walishinda.

Asubuhi moja nilishuka kuchota maji kabla ya shule. Mama alikuwa amechutama kando ya kichaka, mgongo kwangu, vidole vikienda mbio jinsi vinavyokwenda kwenye chai: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, anatia kwenye leso aliyokunja mapajani. Mmea ulikuwa umekatwa juu sawasawa, tambarare kama meza.

"Mama, unafanya nini?"

Hakugeuka. "Nachuna tu kidogo."

Hasira ilinipanda kweli. Miezi yote ile, tepu yote ile, maombi yote yale. Nilifungua mdomo.

"Dada zako waliolewa mbio sana," alisema, bado akichuna. "Mmoja Jumatatu, mwingine Ijumaa. Nyumba ikabaki na sauti yako peke yake."

Nilimpenda mpaka nikaumia kifuani, na nilitaka pia kuolewa, siku hiyohiyo kama ingewezekana. Nikaweka mtungi chini, nikachutama karibu naye. Upande wangu kulikuwa na chipukizi moja refu alilolikosa. Nikalichuna, nikamtilia kwenye leso.

Jumapili mchumba wangu alipofungua tepu, nilimwambia ni mbuzi wa jirani.