Talaka ya Marehemu

Nilirudi Kisumu na diploma ya upimaji wa ardhi kutoka Uingereza, mimi mtoto wa mchuuzi wa samaki wa Luanda Kotieno, na hakuna aliyenishika mkono. Nafasi niliipigania mwenyewe, nauli nikaitafuta mwenyewe. Ofisini hata Wazungu waliokuwa hawajaondoka waliniita Bwana. Nasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa mtu wa kutishwa na tunda.

Huko ng'ambo nilikaa miaka mitatu bila kuandika barua. Masomo yalikuwa mazito. Nyumbani zikafika habari kwamba mwanafunzi mmoja wa kwetu amekufa na kuzikwa huko huko, wakadhani ni mimi. Kwa desturi yetu, maiti isipopatikana huzikwa tunda la yago badala yake, refu, zito kama paja la mtu. Langu walilizika kando ya nyumba ya mke wangu, wakalia, wakanyoa nywele.

Niliporudi, wazee walitaka nisimame nje ya boma nifanyiwe kafara kwanza, ndipo niingie nikiwa hai. Nilicheka. Nikapita langoni na viatu vyangu vya ngozi, nikawasalimia mmoja mmoja, nikarudi mjini.

Baada ya mwaka nilitaka kumwoa mwalimu mmoja wa Maseno, msomi kama mimi, aliyetaka ndoa ya kanisani na awe peke yake. Mke wangu hakubisha. Tulikubaliana mbele ya kaka yake: ng'ombe wa mahari warudi, yeye arudi kwao, korti itupe hati. Alisema tu, "Sawa, Bwana."

Siku ya kesi alikuja amevaa koti langu la kijivu, nililoliacha msumarini nilipoondoka. Kwetu mjane huvaa nguo ya marehemu. Hakimu akamwuliza kama anakubali kuachwa.

"Ananiacha nani, Bwana Hakimu?"

"Mumeo. Si huyu hapa?"

Alinitazama kwa makini, kama mtu anayekagua samaki bila kujua ni wa leo au wa juzi. "Anafanana naye," akasema. "Wangu nilimzika. Mjane haachwi."

Watu waliangua kicheko. Baba yangu mdogo, niliyemleta kuwa shahidi wangu, hakucheka. Nilitoa pasipoti. Nikatoa na diploma. Hakimu alizisoma zote mbili, kisha akamgeukia baba yangu mdogo.

"Mzee, huyu ni mtoto wa ndugu yako?"

"Ni yeye. Lakini tulimzika, na alikataa kurudishwa."

Kesi ikaahirishwa. Nikamfuata mke wangu hadi nje.

"Tulikubaliana mbele ya kaka yako!"

"Kaka yangu ameoa wa pili, amemweka katika nyumba ya mama yetu. Nirudi wapi? Mjane ana nyumba, ana shamba. Aliyeachwa ana nini?" Akafunga vifungo vya koti. "Fukua basi. Ukimtoa yule, nitasema wewe ndiye."

Jumamosi nilikwenda na jembe, asubuhi na mapema. Hakuna aliyenisaidia. Nyumba zilifungwa milango moja baada ya nyingine, na ziwa chini kule lilikuwa limetulia kama bati. Nilichimba hadi kifuani. Shuka lilikuwa limeoza. Tunda halikuwa limeoza, baada ya miaka yote ile. Lilikuwa limelazwa kwa ubavu wa kulia, kama wanaume wetu wanavyolazwa, na mtu alikuwa amelifunga tai yangu ya shule. Niliweka kiganja juu yake. Lilikuwa na joto. Jua, nilijiambia, lakini jua halikuwa limefika kule chini.

Hapo mke wangu, juu ya shimo, akaanza kuomboleza. Alitaja jina langu, na la baba yangu, na sifa nilizopewa utotoni. Nyumba zilizofungwa zikamwitikia. Nimesikia watu wengi wakililiwa. Sikuwahi kusikia nikililiwa mimi. Nikarudisha udongo wote kwa mikono.

Jumatatu niliondoa kesi kortini. Mwalimu wa Maseno hakuningoja. Nimejenga mjini nyumba ya vyumba sita, kwa jasho langu, na nikienda nyumbani mke wangu hunipokea vizuri sana. Hunitolea kiti, huninawisha mikono, hukaa mbali nami kidogo.

"Karibu, mgeni," huniambia. "Huko mliko, samaki mnapata?"