Marashi Ndani ya Injini: Kutoka Kasongo hadi Wamaza

Mjukuu wa mama yangu alikuwa anaolewa Wamaza siku ya Jumamosi, na mama hakuwa na namna ya kufika. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii. Watu wa Kasongo huenda Wamaza kwa pikipiki, lakini nyonga ya mama haimruhusu tena kupanda pikipiki. Riziki, binti wa marehemu kaka yangu, alilelewa na bibi yake huyo tangu alipoanza kutambaa, na alikuwa ametuma ujumbe usio na mapambo: mashahidi wakija kumuuliza kama ameridhia, hatajibu neno mpaka bibi awe ameketi kando yake. Ndoa ilipangwa baada ya swala ya alasiri.

Lilibaki gari letu dogo la esansi, yaani petroli, kuukuu, ambalo kwa wiki nzima lilikuwa likikosa mapigo: injini inakwenda, inaruka pigo, inakwenda, inaruka tena, na mlimani inakata tamaa kabisa. Fundi mmoja alilisikiliza kidogo akashauri injini yote ifunguliwe. Mshahara wa mwalimu wa sekondari haufungui injini. Isitoshe, mimi hufundisha biolojia, na wanafunzi wangu huwakataza kutaja ugonjwa kabla ya kumchunguza mgonjwa.

Ijumaa asubuhi, uani kwetu Kasongo, nilifungua kapo, kile kifuniko cha injini. Mama aliketi kivulini akitazama. Wifi yangu, Mama Zawadi, dada wa mume wangu, alikuwa amekuja kunisaidia kufunga mizigo. Alipoona nimeshika ufunguo wa buji badala ya kamba, aliisahau mizigo.

Gari letu lina silinda nne. Kila moja ina buji yake, kidude kinachotoa cheche ya kuwasha esansi, na waya wake wa kuleta umeme. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: zima injini, chomoa waya mmoja, washa, sikiliza, zima, rudisha. Ulipotoka waya wa kwanza, injini ilizidi kuyumba. Wa pili, vilevile. Ulipotoka wa tatu, hakuna kilichobadilika hata kidogo.

"Silinda hii haifanyi kazi," nilimwambia wifi. "Iko inakula tu pamoja na wengine."

"Kila nyumba iko na mutu kama huyo," alijibu. "Kwenu ni kaka yangu."

Nilibadilisha nafasi za buji ya tatu na ya pili. Kama ubovu ungehama pamoja na buji, ningekuwa nimemkamata mkosaji. Haukuhama. Nikaugeukia waya, na kwa macho ulikuwa mzima. Hapo nikakumbuka kwamba waya uliopasuka huvujisha umeme, na umeme huo huonekana waya ukinyunyiziwa maji kidogo mahali penye giza, injini ikinguruma. Giza lilikuwa mbali, ila vitenge tulikuwa navyo. Cha kunyunyizia pia kilikuwepo: mrashi wa shaba, ule wa shingo ndefu unaowarushia wageni marashi harusini, ulikuwa juu kabisa ya mizigo.

Tukajifunika kitenge, wanawake wawili wazima, vichwa ndani ya kapo, ncha za nguo tumezikusanya mbali na feni. Nilimwambia wifi anyunyizie kidogo, kidogo tu. Mara harufu ya waridi ikapanda kutoka kwenye chuma cha moto.

"Wifi, umetia maji gani humu?"

"Sikutia kitu. Niliikuta imejaa."

"Haya ni marashi ya bibi arusi."

"Basi tuite mashahidi. Hii injini nayo inaolewa."

Nilicheka mpaka nikagonga kichwa kwenye kapo, na katika kuinama nikauona: mwali mdogo wa buluu, mwembamba kama uzi wa kushonea, ukiruka kutoka kwenye waya wa tatu hadi kwenye chuma cha injini. Ukaruka tena. Tukashikana mikono kama wasichana.

"Munaona nini mule?" mama aliuliza kutoka nje. "Na miye nataka kuona."

Tulimsogeza na kiti chake mpaka kwenye gari, tukamfunika.

"Ni kale kadogo vile?"

"Ndiko hako, mama."

"Ndiko kananizuia kwenda kwa mutoto wangu?"

"Ndiyo."

"Mukatoe."

Waya mpya haukupatikana sokoni, lakini jirani yetu Papa Ramazani ana gari lililokufa zamani, ambamo kuku wake hutagia juu ya injini. Alinikubalia bila maneno mengi. "Chukueni waya," alisema, "lakini ule kuku mweupe iko analalia mayai. Akikimbia, mutakaa juu ya yale mayai nyinyi wenyewe." Wifi alimshika kuku mabawa kwa adabu zote huku mimi nikichomoa waya chini ya tumbo lake. Niliufuta, nikaufunga kwetu, nikawasha. Injini ilinguruma sawasawa, pigo kwa pigo, na uani kwetu kukanukia kama ukumbini.

Jumamosi, baada ya swala ya alfajiri, tuliondoka. Mama alikaa mbele, kilemba chake kipya cheupe kichwani, na wifi nyuma pamoja na mizigo. Kila pikipiki iliyotupita ilipunguza mwendo ili dereva atuchungulie, maana gari dogo katika njia ile ni kioja. Mama aliwapungia mkono wote. Kwenye mlima wa kwanza niliacha kupumua, gari likapanda. Wa pili likaupanda kwa mbwembwe, na wifi akaanza kuimba.

Adhuhuri tulifika kwenye kijito kisicho na daraja. Maji yalikuwa machache, nami, kwa kulewa ushindi, niliingia kwa kasi. Yaliruka mpaka kwenye kioo. Tulipopanda ng'ambo, mama aliinua kidole.

"Iko inakosa tena."

Alikuwa amesikia kabla yangu. Injini ilikohoa mara chache, ikazimika. Jua lilikuwa limeanza kuinama, na nilimwona mama akikitazama kivuli cha gari kujua alasiri iko mbali kiasi gani. Wifi alitaka tumwite fundi, ingawa hatukujua yuko wapi. Mimi nilitaka kuanza upya kwa utaratibu uleule. Safari hii hazikuwa dalili za silinda moja. Zote zilikuwa zimenyamaza pamoja, basi ubovu ulikuwa mahali zinapopata umeme wote: chini ya kofia ya plastiki inayougawa kwa nyaya nne. Niliifungua. Ndani mlikuwa na matone.

Nilihitaji kitambaa kikavu. Vitenge vyetu vilikuwa vimelowa, maana maji yaliingia mpaka kwenye mizigo. Mama akafungua kilemba chake, akanipa.

"Mama, kitachafuka."

"Miye naenda kumuona mutoto. Kilemba hakiendi kumuona mutu."

Nilikausha kila kona, nikaiacha kofia juani kidogo, nikairudisha. Injini iliwaka mara ya kwanza.

Wamaza tuliingia alasiri ikiwa imekwisha kuswaliwa. Watoto walilikimbilia gari. Wanawake walitupokea kwa vigelegele na kutusukumia ndani. Mashahidi walikuwa wamekwisha kumuuliza Riziki mara mbili, naye mara mbili amewatazama tu. Mmoja wao alikuwa ameanza kutafuta viatu vyake. Mama aliingia akichechemea, kilemba kilekile kichwani, na mbele yake, juu ya paji la uso, doa jeusi la grisi, pana kama kiganja.

Riziki alimkumbatia, kisha akarudi nyuma kumtazama.

"Bibi, ile ni nini kwenye kichwa?"

"Ni ya motokari. Wajibu watu, wamechoka."

"Nimeridhia," Riziki alisema, tena akiwa bado ameshika mkono wa bibi yake, hata mashahidi wakalazimika kumwomba asubiri waulize kwanza.

Jumatatu tulirudi Kasongo, kijito tukikivuka kwa mwendo wa kinyonga. Nilikuwa nimejifunza la injini: gusa kitu kimoja kwa mara moja, sikiliza, wala usinunue chochote kabla ya kujua kinachokosa. La pili lilinijia nikiwa kwenye usukani. Kwa miaka tulikuwa tukisema mama hawezi kusafiri kwa sababu ya nyonga, na hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza kama anataka.

Karibu na Kasongo, wifi akiwa amelala nyuma, mama aligusa bega langu.

"Salamabila ni mbali kuliko Wamaza?"

"Mbali zaidi, mama. Una nani kule?"

"Sina mutu. Wanasema wanachimba dhahabu, na miye sijaona tundu la dhahabu." Akajiweka vizuri kitini. "Hiyo waya ya kuku, itafika?"