Leo nimempiga mtu kwa spika

Mimi, Mama Neema, ambaye hata kuku sijawahi kumchinja.

Nilienda dukani hapa Geita kuchagua spika mbili ndogo za kuweka juu ya kabati. Nilibeba flashi yenye sauti ya marehemu mume wangu akimsimulia Neema hadithi. Nakala ni hiyo moja tu.

Muuzaji akaichomeka kwenye redio. Sauti ikatoka safi, hadi kile kikohozi chake kabla ya kucheka.

Mchimbaji mmoja, anayetafuta spika za baa, akafoka: "Toa huyo mzee, weka muziki tusikie besi!"

Mwenzake akamwambia, "Muache mama asikilize, we vipi?"

Akajibiwa kwa ngumi ya mdomo. Damu ikaruka hadi kwenye kioo. Wakabamizana ukutani, kisha yule wa baa akainyanyua redio, flashi ikiwa ndani, ampasue nayo mwenzake kichwa.

Nikamshindilia spika kwenye kiwiko, kwa nguvu zangu zote. Redio ikamponyoka, muuzaji akaidaka.

Jamaa akanitazama, mkono unaning'inia.

"Shikamoo, mama."

Nikachomoa flashi yangu. Spika nimezinunua zilezile, moja ina ufa.

Ila marahaba sikumpa.

Jamani, nimekosea?