Amina ya Mama Debora

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikisikia mtu ameitwa kuwa mshauri kanisani kama ulivyoitwa wewe Jumapili hii. Nakupongeza kwa moyo wote. Sasa kaa hapa karibu, na hiyo simu iache kidogo.

Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka Uvira kuolewa hapa mtaani Mutakura. Mimba yangu ya kwanza ikatoka, na tangu hapo mume wangu akanyamaza. Hakunipiga wala kunitukana, alikula na kulala tu. Ukimya ule ulinichosha hata nikaamua kurudi kwa wazazi wangu. Nilimweleza mtu mmoja, Elia, kijana aliyekuwa ametoka kusomea ushauri, tai shingoni na Biblia kwapani. Alinisikiliza vizuri, hapo sina lawama.

Jumatano ikafika, ibada ya maombi. Nimeketi benchi moja na mama mkwe wangu, bega kwa bega. Elia akasimama kuomba, macho ameyafumba, sauti imejaa huruma: "Bwana, tunakuletea dada yetu mumoja wa humu ndani, anataka kuacha bwana yake arudie kwao, kule..."

Neno lililobaki lilikuwa Uvira, na katika kanisa lile mtu wa Uvira nilikuwa mimi peke yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Amina!" Huyo ni Mama Debora, mkubwa wa washauri, kwa sauti ya muuza samaki wa ndagala sokoni. Watu wote wakaitikia, na kabla hawajafumbua macho ameshaanzisha wimbo na makofi. Neno la Elia likafia mdomoni.

Baada ya ibada Mama Debora, aliyekuwa ameshanitambua, alituita mimi na Elia nyuma ya kanisa. Elia akajitetea, "Mama, mi nilikuwa naomba tu."

"Apana. Ulikuwa unaelezea watu, macho umefunga. Mungu alishajua huyu mutoto ni nani na kwao ni wapi. Sasa ile habari ulikuwa unapasha nani?"

Elia alilia, akaniomba msamaha. Kisha mama yule akanigeukia. "Na we, binti yangu, unataka nini? Tuite bwana yako, ama tukae kwanza sisi wawili?"

Tangu niolewe hakuna aliyewahi kuniuliza ninataka nini. Tulikaa wawili, alasiri nyingi, yeye akimenya mihogo na mimi nikisema au nikilia. Hakunikatiza kwa mstari hata mmoja. Tulisoma Neno nilipoliomba mwenyewe. Mwishowe mume wangu akaniuliza kama mama yule angemsikiliza na yeye. Kumbe alikuwa akimlilia mtoto wetu kimoyomoyo, akiogopa kumtaja asije akanitonesha kidonda. Nikabaki, na leo unaniita bibi.

Basi sikia, mwanangu. Wito huu si ulimi mtamu. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na wewe umefanywa kata. Msikilize mtu mpaka amalize, muulize anataka nini, ndipo umwombee, na umwombee mbele za Mungu, si mbele ya benchi. Siku hizi mnatuma maombi kwenye grupu za simu, "tumkumbuke dada fulani wa mtaa fulani," na kabla ya chakula cha mchana hata mtaa wa Gasenyi wote umeshajua. Maji yakimwagika hayazoleki. Na usidhani kazi hii ni ya wenye cheti tu. Hata jirani anayekuchotea maji anaweza kukutua mzigo, akijua kunyamaza.

Nilipoitwa na mimi kuwa mshauri, mtu wa kwanza kuniletea shida yake alikuwa mama mkwe wangu. Aliniambia nini? Hata mume wangu, mwanawe wa kumzaa, hajui mpaka leo, na mama yetu tulishamzika.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio yenye subira na kifua kipana. Anayekuja kwako ameinama, aondoke amenyooka, na jina lake libaki mikononi mwa Bwana.