Mlima wa Besi Ukutani kwa Jirani

Jirani aliupiga mlango wetu teke ukaanguka na bawaba zake. Majina ya watu wote wa ploti yetu hapa Burat ninayo kichwani, hata ya waliohama, lakini ya siku hiyo siyaandiki. Nitasema tu jirani, na mjukuu wangu.

Jirani ni mfugaji wa Sericho, alihamia mjini ukame ulipomaliza ng'ombe wake. Kati yetu ni ukuta mmoja wa mabati. Upande wake, mkewe alikuwa ndani ya arobaini na mtoto mchanga. Upande wetu, mjukuu wangu, mwanamume wa ndevu, alikuwa amenunua wufa, spika kubwa ya besi.

Shida ilianzia kwenye kochi. Akiketi hapo hasikii besi. Akapima kwa simu, akaona kwenye skrini shimo pale besi ilipopotea, akaongeza besi ili shimo lijae. Halikujaa. Akaongeza tena. Sisi tulisikia kidogo tu, kumbe kwa jirani sufuria zinaruka kwenye rafu. Mchana huo moja ikamwangukia mtoto, ndipo jirani akatuvamia na rungu.

"Mmemtoa mwanangu damu! Nunua mbuzi, uache kununua makelele!"

Rungu likamshukia mjukuu kichwani kabla hajasimama. La pili likapasua meza. Mjukuu akajivuta, uso wote damu, hadi pembeni tunapoweka panga. Nikaliwahi. Nikalikalia. Makali yakanichana paja, sikuinuka.

"Shosho, inuka!" mjukuu akanipigia kelele, mimi bibi yake.

"Niue kwanza."

Jirani alikuwa anahema kama fahali. Akaniita bibi kwa lugha yao: "Akko, nikisikia hiyo kitu tena, naichoma na yeye akiwa ndani."

Hakuwa mtu wa kusema bure.

Kichwa kikashonwa. Asubuhi nikamkuta mjukuu ananoa lile panga. Nikamwuliza kama simu yake inaweza kupima besi hata ndani ya nyumba ya jirani.

"Inaweza. Lakini nani ataingia? Akiniona atanimaliza."

Ni kweli, na chumba cha mzazi wa arobaini mwanamume wa nje haingii. Nikaibeba simu mwenyewe.

Jirani alinifungulia rungu mkononi. Mkewe akasema kutoka ndani, "Mwache akko apite." Nikaiweka simu kwenye mto wa mzazi, karibu na kichwa cha mtoto kilichofungwa bendeji. Nikagonga bati, mjukuu upande wetu akawasha mlio wa kupimia.

Mlio ulianzia chini kabisa, kama lori la jeshi likiwa mbali, ukapanda polepole. Ulipofika mahali pamoja bati likanguruma, vikombe vikagongana, mtoto akapiga yowe.

"Zima!" Rungu likapanda juu.

Nikasimama mbele yake, paja linavuja. "Ngoja uishe. Ukipiga, nipige mimi."

Mlio ukapita pale, bati likanyamaza. Rungu lilikuwa bado juu.

Nilipomrudishia mjukuu simu, skrini ilionyesha mlima mrefu pale pale bati liliponguruma. Akaondoa besi yote aliyokuwa ameongeza, kisha akaweka filta ya kukata mlima huo peke yake. Nikarudi kwa mzazi. Mlio ukaanza tena chini, ukapanda, ukafika pale.

Vikombe vilitulia. Mtoto aliendelea kunyonya.

Jirani akaweka sikio kwenye bati, akakaa hivyo hadi mwisho. Kisha akalitoa rungu nje, akaliegemeza ukutani.

Kwenye kochi letu besi ni nyembamba, mjukuu analalamika hadi leo. Ninavuta leso kidogo, ninamwonyesha kovu la pajani.