Sikio Langu na Taa Yake

Miaka ya sabini, hapa Bagamoyo, gari likikataa kuvuta watu walisema, "Lipeleke kwa mwenye mwiko." Mwenye mwiko nilikuwa mimi. Niliegemeza mwiko wa ubwabwa kwenye injini inayonguruma, ncha ya pili sikioni, mkono mwingine ukizungusha disbyuta taratibu. Disbyuta ndiyo inayoamua cheche iwake wakati gani. Ukiiwahisha mno injini hugonga, ukiichelewesha hulegea. Mimi nilisikiliza mpaka ikaimba, nikakaza nati, basi. Gereji ilikuwa ya ami yetu, na alikwisha kutamka mbele ya watu kwamba akichoka ataniachia mimi.

Ndipo mtoto wa baba yangu mdogo, mdogo wake ami, akarudi kutoka chuo cha ufundi Dar es Salaam na taa yake. Taa hiyo iliwaka na kuzima upesi upesi kila cheche ilipopiga. Akiielekeza kwenye puli ya injini, alama zilionekana kama zimesimama, naye akazisoma. Hakuhitaji sikio. Wateja wakaja kuishangaa ile taa, na ami akaanza kuwaambia, "Mngojeeni mwenye taa." Nilimchukia. Kijana alikuwa mpole, kila asubuhi aliniamkia, na upole wake huo ndio ulionikera zaidi.

Siku moja mhandisi wa barabara akaleta gari lenye tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa kwa nguvu. Hatukuwahi kuliona la namna hiyo. Ami hakunitazama hata mara moja, akamkabidhi yule kijana. Akapanga wakati wa cheche kwa taa, akachora alama ya chaki kutoka kwenye disbyuta hadi kwenye injini, akafunga boneti. Nikasikiliza kwa mbali: cheche imechelewa, injini inanguruma kivivu. Nilifurahi mno.

Ijumaa, wenzangu walipokwenda msikitini, nilisingizia tumbo. Nikachukua mwiko wangu, nikalegeza nati, nikawahisha cheche mpaka injini ikaimba. Nilitaka mwenye gari aulize ni fundi gani kalishika. Alasiri akalichukua, akaondoka.

Aliuliza kweli, lakini ilikuwa Jumatatu, gari likiwa limevutwa kwa kamba kutoka Vigwaza, pistoni mbili zimetoboka.

Ami akafunua boneti kwa hasira. "Nani kashika disbyuta hii?"

Binamu yangu akainama kuitazama. Alama yake ya chaki ilikuwa imeachana upana wa kidole. Akautazama mwiko mkononi mwangu, kisha akanitazama usoni.

"Mimi, ami," akasema.

Nami nikanyamaza. Alifukuzwa papo hapo.

Jioni alipita nyumbani kwangu kuniaga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Kaka, gari la tabo halipimwi kwa sikio likiwa limesimama. Likipanda kilima, ndipo tabo inaposhindilia hewa, na cheche iliyowahi inachoma pistoni. Ndiyo maana niliichelewesha. Likija jingine, usiliwahishe."

Akaiweka ile taa kizingitini, akaenda zake. Nilitamani anitukane.

Gereji niliipata, na taa ninayo. Wivu haujaniondoka hata leo, maana yule mtoto alilijua hata kosa langu kuliko nilivyolijua mimi.